Mwaka wa Padri Mgeni

Nilichelewa mazishi ya Mzee Ndahani kwa makusudi. Taarifa ya msiba ilinikuta kazini Chimwaga, kwenye maabara ya kompyuta, nikiwa chini ya meza natafuta waya uliolegea. Niliisoma kwenye simu, nikabaki palepale sakafuni hadi mwanafunzi mmoja akainama kuniuliza kama nimepigwa na umeme. Kutoka Chimwaga hadi Miyuji kwa marehemu, Dodoma hiihii, si safari ya kumshinda mtu. Ningeweza kuoga, kubadili nguo na kuiwahi ibada ya nyumbani. Badala yake niliumalizia ule waya, nikaanza kupanga upya kibodi mbovu ambazo hakuna aliyeniagiza kuzipanga, na siku ikapita. Nikaenda kesho yake mchana, nikijua waombolezaji watakuwa wamepungua, nikijidanganya kwamba nitatoa pole, nitakunywa chai, nitaaga. Nakaribia miaka hamsini. Magoti yananiuma na mgongo umechoshwa na kunyanyua mashine za watu. Lakini kuna uchovu mwingine, wa kubeba jambo ambalo hujamwambia mtu, na huo hauishi hata ukilala wiki nzima.

Aliyenipokea ni Eliya, mtoto pekee wa marehemu. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kichwa kimeshaingia mvi, amevaa shati jeusi lililomkaa vibaya, bila shaka la kuazima. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Mwaka niliokaa nyumbani kwao yeye alikuwa masomoni India, na mimi nilimjua kwa picha ya ukutani na kwa barua zake, ambazo kwa mwaka mzima zilipita mikononi mwangu zote, hakuna hata moja iliyonikwepa. Nilipojitaja jina alinyanyuka. Nikampa pole, akasema wameshapoa. Kisha akanitazama kidogo. "Salome wa chumba cha uani," akasema. "Baba hakuacha kukutaja." Akaniomba nikae, kuna jambo la zamani alitaka kuniuliza, ila amalize kwanza kuagana na wazee wa kanisa waliokuwa wanaondoka. Nikakaa. Nilijua ni jambo gani. Lilihusu barua moja fupi aliyomwandikia baba yake, na neno moja ndani ya barua hiyo ambalo mimi sikulifikisha kama lilivyokuja.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasoma kozi ya kompyuta mjini. Chumba changu cha uani kilikuwa cha kulalia tu: kitanda, ndoo, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililoingiza vumbi hata likifungwa. Maisha yangu yalikuwa sebuleni kwa wenye nyumba, kwa sababu sebuleni kulikuwa na kompyuta, na wakati huo kompyuta ya nyumbani Miyuji ilikuwa kitu cha watu kupita kuja kukishangaa. Sebule ya Mama Eliya ilikuwa sebule ambayo kila kitu kimevaa. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, chupa ya chai na chake, viti na vyao, na kompyuta ikashonewa vitatu: cha kioo, cha lile sanduku lake na cha kibodi, vyote vyeupe vyenye ncha za samawati. Sheria ilikuwa kwamba vitambaa vivuliwe kabla ya kuwasha. Siku ya kwanza Mzee alisahau, mashine ikapata joto mpaka ikajizima, na Mama Eliya akasema haoni ajabu, hata yeye angezimia akifunikwa kichwa mwezi wa kumi. Kila Jumamosi nilikuwa nafungua lile sanduku na kulipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Vumbi lililotoka mle lilikuwa jekundu, unaweza kudhani mashine ilikuwa inalima.

Mzee Ndahani alistaafu kazi ya simu. Maisha yake yote ya kazi alikaa mbele ya mtambo wa kuunganisha watu, huku anachomoa waya, huku anachomeka, na nadhani hakupona tena. Kitu chochote chenye waya alikitaka. Mauzo ya zabibu zake za Makutupora, ambayo watu wengine waliyatumia kuezekea nyumba, yeye aliyageuza kompyuta iliyotumika, kisha kifaa cha kutuliza umeme, kisha UPS ya kushikilia mashine umeme ukikatika, kisha spika mbili, maikrofoni, na usukani wa kuchezea michezo ya magari ambao sikuwahi kumwona akiushika. Mama Eliya alisema aliolewa na mwanamume, akazeeka na duka la vifaa. Alisema mbele yake, na Mzee alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anayasikia. Nikikumbuka nyumba ile, huwa nakumbuka kicheko hicho kwanza, na ndiyo maana sipendi kuikumbuka.

Sababu ya vifaa vyote hivyo ilikuwa macho. Alikuwa na presha ya macho, na kila mwezi dunia ilikuwa inambana pembeni kidogo zaidi. Kwanza alinunua kioo cha kukuzia, kile kinachotundikwa mbele ya skrini. Kiliposhindwa, nikamkuzia herufi za kompyuta zenyewe, nikazikuza tena, mpaka ikafika siku herufi moja inajaza skrini nzima. Alikaa mbele yake akasema kwa mwendo huu barua ya Eliya ataimaliza wajukuu wakiwa na wajukuu. Alitania, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta ukingo wa meza. Nilimwekea tone la rangi ya kucha juu ya baadhi ya herufi za kibodi, zikikauka azipapase kwa kidole. Alifurahi sana. Mama Eliya aliuliza tu kwa nini mume wake ananuka rangi ya kucha.

Kilichobadilisha mambo ilikuwa sidii moja ya bure iliyokuja ndani ya gazeti la kompyuta, ambalo rafiki yake mmoja alimletea kutoka Nairobi. Sidii ilijaa vitu vidogovidogo: saa za kupamba skrini, kamusi, michezo ya karata, kifaa cha kusafisha mafaili yasiyotakiwa. Katikati ya takataka hizo kulikuwa na programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Niliiweka, nikaandika salamu, nikabonyeza. Ilisoma kwa Kiingereza, ndiyo lugha pekee iliyojua, kwa hiyo Kiswahili ilikitafuna. "Pole" ikawa nguzo ya Kiingereza. "Wake" ikawa sijui nini. Mzee alisikiliza, kisha akajipiga pajani. "Huyu ni padri mgeni," akasema. "Ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege." Jina likaganda. Sote Ugogoni tumekua tukisikia Kiswahili cha mapadri wageni, wanavyovuta maneno pasipotakiwa, na tumezoea kuwavumilia mpaka waelewe. Padri huyu wa kwetu ndiye hakuwa na mpango wa kuelewa.

Basi nikaamua kumdanganya Padri. Kama hawezi kusoma Kiswahili, nitamwandikia Kiingereza kinachosikika kama Kiswahili. Nilikaa wiki nzima nikijaribu silabi moja baada ya nyingine. Shikamoo niliiandika "she car more", akaitamka vizuri kuliko watoto wa siku hizi. Jina la Eliya lilinisumbua siku mbili. Hata mbukwa, salamu ya kwao Wagogo, nilimfundisha, na Mzee akawa anaanza nayo kila akikaa, anabonyeza, Padri anamwamkia, naye anamwitikia kwa heshima zote. Leo simu yangu inasoma Kiswahili chenyewe bila mimi kuandika chochote, kwa sauti ya mwanamke mtulivu asiyekosea hata nukta. Wanafunzi wangu hawaoni kama kuna la kushangaza. Mimi kila nikimsikia yule mwanamke nahisi kuchoka, kwa sababu angekuja miaka ile, mimi nisingehitajika, na yote haya yasingekuwepo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Ijumaa baada ya darasa nilipita kwenye kafe ya intaneti mjini, nikafungua sanduku la barua pepe la Mzee, nikainakili barua ya Eliya kwenye diski. Diski ilikuwa moja tu, kwa hiyo kila wiki niliifuta ya zamani kuipisha mpya. Nyumbani nilikaa kwenye kompyuta na kuiandika barua yote upya, silabi kwa silabi, kwa ule mwandiko wa Padri. Nikimaliza nilitoka nje, nikakaa na Mama Eliya jikoni, na Mzee akabaki sebuleni peke yake na mwanawe. Hapo ndipo palipokuwa na thamani kwake. Hakutaka kusomewa. Mtu akimsomea, alisema, anapokea barua ya mtu huyo, na huruma zake, na kikohozi chake. Padri alisoma kama mtambo, na Mzee aliamini mitambo. Aliniambia kazini kwao sheria ilikuwa moja: kinachoingia huku kinatoka kule, huongezi, hupunguzi, hata kama unaunganisha mtu na habari ya kifo. Nilimsikiliza kwa heshima ya nusu sikio, kama vijana tunavyowasikiliza wastaafu wakielezea kazi zao.

Mwezi wa saba daktari wa macho mjini alisema kuna upasuaji unaoweza kuyashikilia macho yalipofika. Kilichopotea hakitarudi, lakini kilichobaki kinaweza kubaki. Ilibidi aende hospitali kubwa ya mbali, na asikawie. Kilichobaki kwa Mzee kilikuwa kama tundu dogo: ukisimama mbele yake sawasawa alikuona uso, alijua kama umecheka. Alikuwa anaogopa kisu, ingawa hakusema hivyo. Alisema angependa Eliya awepo, maana Eliya alikuwa amegusia kwenye barua kwamba huenda akaja likizo ya mwisho wa mwaka. Mama Eliya alisema yeye mwenyewe ana miguu miwili na anajua kupanda basi. Wakakubaliana aulizwe mtoto kwanza. Mzee alinitamkia barua, nikaiandika, nikaituma: kuna safari ya hospitali, je, nikusubiri?

Jibu lilikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ilikuwa saa kumi jioni na upepo wa vumbi ulikuwa umesimama mlangoni kama mgeni asiyetaka kuingia wala kuondoka. Niliiweka diski, nikaanza kuandika. Barua ilikuwa fupi, ya mtu aliye katikati ya mitihani. Aliuliza hali, akamsalimu mama, kisha akaandika: "Kuhusu safari ya hospitali, usinisubiri. Nitaandika nikipata nafasi." Basi. Nilikuwa nimefika mstari huohuo umeme ulipokatika. UPS ikashika na kuanza kulia, pii, pii, pii, na wote tulijua betri yake ilikuwa imechoka, inatoa dakika chache tu. Mzee alikuwa ameshavuta kiti. "Malizia, mwanangu, nisikie," akasema. Nikamalizia huku ile pii inanipiga kichwani. Neno lenyewe kwa mwandiko wa Padri lilikuwa vipande sita vinavyofanana, oo, see, nee, soo, bee, ree, na mimi vidole vyangu vikaruka kimoja. Nikabonyeza bila kurudia kusoma. Sikutoka nje siku hiyo, hakukuwa na muda. Padri akasoma kwa sauti yake ileile isiyojali: kuhusu safari ya hospitali, unisubiri.

Nilisikia papo hapo. Sitajifanya kwamba nilikuja kugundua baadaye. Nilisikia, nikageuka kusema, nikamwona Mzee. Alikuwa amenyoosha shingo kuelekea spika, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu nihamie pale. "Kasema nimsubiri," akasema, si kwangu, kwa ile sebule. Kisha UPS ikakata, skrini ikazima, na tukabaki kwenye mwanga wa vumbi la dirishani. Akainuka akapapasa ukuta kwenda jikoni kumwambia mke wake. Nilikuwa na hatua kama kumi kati yangu na jikoni, na sikuzipiga. Nilijiambia umeme ukirudi nitamwekea barua iliyo sawa. Umeme ulirudi baada ya saa moja. Wakati huo tulikuwa tunakula, ugali wa uwele na mlenda, na Mzee alikuwa anaeleza Eliya atakavyokuja, atakavyomshika mkono kwenye ngazi za basi, atakavyoongea na madaktari Kiingereza chao. Mama Eliya alikuwa anamwongezea mlenda. Nikasema nitamwambia kesho.

Wanaosoma haya wataniuliza kwa nini. Nimejiuliza mimi kuliko watakavyouliza wao. Nilikuwa na aibu, hilo ni kweli. Mzee alikuwa amewaambia watu wote wa Miyuji kwamba binti wa chumba cha uani ana akili za kuzaliwa nazo, na mimi nilikuwa nimekosea silabi. Lakini kulikuwa na kingine. Nilipenda nilichokiona usoni mwake, na niliona kama mimi ndiye niliyempa. Nikajiambia pia kwamba Eliya anaweza kubadili mawazo, kijana gani asiyebadili mawazo, na akija hakuna atakayejua. Kesho ikawa kesho kutwa. Kisha Mzee akanitamkia jibu, na ndani yake akasema: nimefurahi kwamba umeniambia nikusubiri, nami nitakusubiri. Niliyaandika yote aliyosema, isipokuwa sentensi hiyo. Ile ya kwanza ilikuwa kosa la vidole. Hii haikuwa kosa. Nilikaa pale, yeye amekaa pembeni yangu akisikia kibodi inavyolia, nikabonyeza herufi za uongo kidogo ili hesabu ya mlio ikae sawa masikioni mwake, kisha nikazifuta.

Eliya, kwa kuwa hakujua anasubiriwa, aliandika mambo mengine. Kila Ijumaa nilitafuta kwenye kafe neno la hospitali, silioni. Mwezi wa tisa ukapita. Mwezi wa kumi, wakati joto linapobana na zabibu zinaanza kuhangaikiwa, nilianza kusikia mabishano nyuma ya pazia la jikoni. Mama Eliya hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema polepole kwamba macho hayajui likizo ya Eliya. Mzee alijibu kwamba mtoto kasema asubiriwe, na mtoto hajawahi kusema neno akalirudisha. Aliuliza Mama Eliya anataka mwanawe afike akute wamemdharau? Siku moja nilimwona Mama Eliya uani, amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, analia bila kuacha kuchambua. Akaniuliza, "Salome, hivi kweli aliandika hivyo?" Nikamjibu ndiyo, mama. Nililisema neno hilo kwa wepesi kabisa, na yeye akafuta uso kwa kanga akaendelea na mboga.

Mwisho wa mwaka ulifika, Eliya hakuja. Mzee alisubiri hadi mwezi wa kwanza ukaisha, na katika wiki hizo lile tundu likaziba. Hakututangazia. Tuligundua kwa sababu alianza kuitazama pembe ya chumba mtu akimsemesha. Mama Eliya alimpeleka hospitali mwenyewe, kwa basi, kwa miguu yake miwili, na wakarudi baada ya siku nne. Daktari aliwaambia wamechelewa. Hakusema kwamba ile miezi ndiyo iliyoamua, nami nimeishikilia kauli hiyo miaka yote kama mtu anayeshika kamba iliyochakaa. Huenda hata wangekwenda mapema ingekuwa vilevile. Huenda. Kozi yangu iliisha wiki tatu baadaye, nikapata kazi Singida, nikafungasha. Siku ya kuondoka Mzee alinipapasa kichwa, akanibariki kama binti yake, akaniambia Padri atakosa mwandishi. Nilipanda basi nikashukuru kwamba haoni uso wangu. Baada ya hapo nilituma salamu kwa watu wengine, na hata niliporudi Dodoma kufanya kazi, umbali wa dakika chache tu, sikuwahi kukanyaga pale.

Eliya alimaliza kuagana na wazee wa kanisa, akaja akakaa karibu nami. Hakuzunguka. Aliniambia aliporudi nyumbani miaka miwili baada ya haya, alimkuta baba yake kipofu kabisa na amemwekea kinyongo. Baba alimwambia, uliniambia nikusubiri nikasubiri, hukuja. Yeye akasema hapana, aliandika asisubiriwe. Baba akasema usiongeze uongo juu ya ahadi uliyoivunja. Sanduku la barua pepe lilikuwa limeshafungwa kwa kutotumika, hakukuwa na cha kuonyesha, na hata kingekuwepo, nani angemsomea baba akamwamini?

"Nilimwambia labda mashine ilikosea," Eliya akasema. "Au aliyeiandikia. Akaniambia nitaje yeyote nimtakaye, ila nisimguse Salome."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka ishirini na kitu kusikia kwamba nilimgharimu mtu macho. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Nilidhani madhara yaliisha pale nilipoyaacha. Kumbe walikaa nyumba moja, baba na mwana, wanapeana maji, wanasalimiana asubuhi, na kati yao limesimama jina langu likiwa safi. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu umeme, na ile pii, na silabi niliyoiruka, na sentensi niliyoiacha kwa makusudi, na jibu nililompa mama yake uani. Sikuomba msamaha katikati, kwa sababu niliona nikianza kuomba nitaacha kueleza. Alinisikiliza akiwa ameinama, anakunja na kukunjua mkono wa lile shati la kuazima. Nilipomaliza wageni wawili wakaja wakampa pole, akawaitikia vizuri, wakapita.

"Kunilaani hakunilaani," akasema mwishowe. "Lakini alikufa anajua mimi ni mwongo." Kisha akasema mama naye anaamini hivyohivyo mpaka leo. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema nikamwambie. Yeye hatamwambia. Ameshasema sana ndani ya nyumba hii, hakuaminiwa.

Mama Eliya alikuwa chumba cha ndani, kwenye mkeka, pamoja na wanawake wanne wa mtaani. Amekuwa mdogo, mabega yameingia ndani ya kanga. Nilimwamkia shikamoo, na alipoitambua sauti yangu alisogea kwa shida akanipa nafasi ubavuni mwake. "Kaa, mwanangu," akasema. Akawageukia wenzake akawaambia ndiye huyu, ndiye aliyekuwa anamfanyia baba barua zake. Wakanipokea kwa mikono miwili. Nikakaa, na nikasema kabla hawajaniletea chai, maana nilijua nikishika kile kikombe nitakinywa na nitaondoka kama nilivyopanga.

"Mama," nikasema, "Eliya aliandika usinisubiri. Mimi ndiye niliyeandika unisubiri. Na uliponiuliza, nilikudanganya."

Hakushtuka. Alitazama mikono yake, na midomo yake ikawa inatembea, analipima lile neno bila sauti, mara moja hivi, mara moja vile. Kisha akamwita mwanawe, jina tu, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu ale. Eliya akaja, akavua viatu mlangoni. Mama yake akamvuta mkono hadi akapiga magoti, akakishika kile kichwa chenye mvi kwa mikono yote miwili.

"Nilikuita mwongo, baba," akamwambia. "Mimi na mwenzangu. Yeye hawezi tena kukuomba radhi, nakuomba mimi kwa wote wawili."

Wale wanawake wanne walinyanyuka mmoja mmoja wakatoka, wakipita pembeni ya miguu yetu. Eliya alikuwa analia na mama yake anamfuta kwa ncha ya kanga. Nilibaki ubavuni mwa mkeka, palepale mama alipokuwa amesogea kunipa nafasi. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyenigeukia.